Maboga Yasiyotiwa Kisu

Bweni la Tatu,
4 Februari

Wifi yangu,

Nakusalimu kutoka huku kwenye kuta ndefu. Mimi mzima. Goti la kushoto linaniuma asubuhi tu, likishapata jua linasahau. Natumaini mgongo wako umetulia na cherehani haijaanza tena kukata nyuzi. Nipe habari za wanangu. Swali bado anauliza mpaka watu wazima wanatafuta pa kujificha? Na Kibonge, viatu vyake vya mwaka jana vinamwingia? Nilipomwacha alikuwa na miaka mitatu na mashavu yamejaa kama mtu anayepuliza tarumbeta.

Mimi wamenitoa jikoni, niko bustanini. Askari wetu ni mama mmoja mwembamba tunayemwita Filimbi, kwa sababu kusema hasemi, anapuliza. Alinipa kipande cha ardhi nyuma ya sehemu ya kufulia, akafungua kinywa kwa mara ya kwanza: "Dereva, hapo hata magugu yamekata tamaa." Nikapanda maboga. Wifi, ungeyaona! Yametambaa mpaka yanataka kupanda ukuta, na mimi ndiye wa kuyarudisha chini yasije yakaandikwa kuwa yametoroka.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu. Mkuu wa gereza amekubali tuwe na Siku ya Watoto, Jumamosi tarehe 13 Juni. Watoto wataingia uwanjani kwa muda wa saa tatu, na hakutakuwa na wavu katikati. Alipotuuliza watoto watafanya nini muda wote huo, wenzangu walitazamana. Nikanyoosha mkono. Nikasema kila mama na mtoto wake watachukua boga wakaligeuza mnyama.

"Humu hakiingii kisu," akasema.

"Kisu cha nini, mama? Boga ukilitoboa, siku ya nne limeoza. Ukiliacha zima linakaa miezi. Sisi tutapaka rangi na kubandika masikio."

Akanitazama, kisha akaandika.

Kwa hiyo, fundi wangu, niwekee vipande vya vitambaa usivitupe, na vifungo vikubwa, na nyuzi za sufu. Pini na sindano zisiwemo hata moja. Na kuliko vyote hivyo, niletee wanangu. Mwaka mmoja na miezi miwili sijawagusa.

Wifi yako,
Dereva

* * *

Chumba cha ushonaji,
11 Machi

Wifi mpendwa,

Barua yako ilifika siku nyingi, iliyochelewa ni mikono yangu. Shule zimefunguliwa, na kila mzazi mjini amegundua siku moja kwamba mtoto wake amerefuka. Nimeshona sare mpaka ndoto zangu zina pindo. Mgongo upo, cherehani ipo, vyote vinalalamika.

Watoto wazima. Swali ameng'oka meno mawili ya mbele, na anataka kujua kwa nini yasing'oke yote siku moja mtu akamalizana nayo. Kibonge alimeza kifungo. Tulikingoja siku mbili, kikatoka. Nimekifua nikakirudisha kwenye shati la mteja, na wewe hujasikia kitu.

Vitambaa nitatuma. Nimeshajaza mfuko mmoja.

Kuhusu hilo jingine, wifi, hapana. Unajua niliwaambia nini siku ile walipokuchukua. Niliwaambia mama yenu amepata kazi ya lori la masafa, yuko nchi za mbali. Wanaamini. Kila Jumapili Kibonge anataka nimsimulie lori limefika wapi. Limevuka jangwa, limepita kwenye theluji, wiki hii limekwama kwa sababu twiga amelala barabarani. Nitamwambiaje sasa kwamba lori halipo? Na hawa majirani wa ghorofa hii unawajua. Ukipiga chafya chumba cha kwanza, chumba cha mwisho wanakwambia upone.

Waache walale kwa amani. Ukitoka, lori litakuwa limerudi.

Nakupenda, usiniwazie vibaya.

Wifi yako,
Fundi

* * *

Bweni la Tatu,
20 Machi

Wifi,

Salamu. Maboga mazima, goti zima, na mfuko wa vitambaa umefika. Filimbi aliukagua kipande kwa kipande kama anatafuta kiroboto.

Nitasema wazi. Mimi sikupotea njiani na lori. Nilisinzia kwenye usukani alfajiri, kwa sababu nilikubali safari ya pili bila kulala, na mtu akafa. Mahakama iliniuliza nikasema ndiyo, ni mimi. Miaka mitatu wamenipa, sijailalamikia hata siku moja. Kama niliweza kusema ndiyo mbele ya mjane wake, kwa nini wanangu walishwe hadithi za twiga?

Njia ya mwongo ni fupi. Siku moja mtoto wa jirani atawaambia kwenye ngazi, na watakuwa wamedanganywa mara mbili, na mimi na wewe.

Unasema walale kwa amani. Wewe utalijuaje hilo? Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Nawataka tarehe 13 Juni. Siombi.

Dereva

* * *

Bweni la Tatu,
17 Aprili

Wifi yangu,

Hujambo? Wanangu hawajambo? Mimi nipo. Huku mvua imenyesha wiki nzima.

Umenyamaza. Najua kwa nini umenyamaza. Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Dereva

* * *

Bweni la Tatu,
2 Mei

Mpendwa wifi,

Barua hii sijui kama utaifungua, lakini naiandika, kwa sababu nisipoiandika nitakuwa mwoga wa aina mbili.

Ile methali niliyokutupia Machi ilikuwa jiwe, na nililichagua. Nilijua litakupata wapi. Nilikuwa nawe hospitali ulipopoteza mtoto wa kwanza, na mimi ndiye niliyekushika mkono ulipopoteza wa pili. Kati ya maneno yote ya dunia nikaokota hilo. Kaka yako, Mungu amrehemu, angekuwa hai angenifokea mpaka sauti imkauke. Nisamehe. Sisemi nisamehe ili ulete watoto. Nisamehe halafu usilete, nayo pia nitaipokea.

Ni wewe uliyekesha na kifaduro cha Kibonge. Ni wewe unayesuka nywele za Swali huku ana maswali ishirini kichwani. Uchungu huo unaujua kuliko mimi niliyelala huku.

Afisa ustawi anakuja mjini kwenu wiki ijayo. Nimemwomba akuletee boga moja, ameahidi kulibeba mapajani. Nimechagua la duara lenye kikonyo kilichopinda, kwa sababu nilipoliona tu niliona mkia wa nguruwe. Lakini usiwaambie. Waache walizungushe waone wenyewe, maana boga lile lile ukilisimamisha ni kitu kimoja, ukililaza ni kingine. Lifuteni vumbi kwa kitambaa kikavu kwanza, la sivyo gundi haitashika. Rangi ikauke ndipo mbandike. Na lisitiwe kisu, likae nao.

Waambie limetoka kwa rafiki. Sitakulazimisha kusema zaidi ya hapo.

Wifi yako anayekuomba radhi,
Dereva

* * *

Chumba cha ushonaji,
19 Mei

Wifi yangu,

Nimekusamehe tangu siku ya nne. Siku zilizobaki nilikuwa nimekasirika kwa sababu nimekusamehe. Ndivyo nilivyo, unanijua.

Boga lilifika. Yule afisa ustawi alipanda ngazi zote tatu analikumbatia, na majirani wote wakatoka kuona amejifungua nini. Niliwaambia watoto limetoka kwa rafiki, kama ulivyosema. Nikatandika magazeti chini ya meza ya kukatia, tukalifuta vumbi. Kibonge akalizunguka kama mnunuzi wa gari. Akasema ni nguruwe. Swali akasema hapana, likilazwa ubavu, kile kikonyo ni pua, ni panya mnene. Wakagombana, mmoja akalia, nami nikatoa hukumu: liwe panya mwenye tabia za nguruwe. Wakaridhika.

Sasa nikwambie lililotokea.

Tulihitaji vifungo vya macho. Nikamwambia Swali aniletee kopo la vifungo kutoka kabatini. Alipokwenda nikakumbuka, nikaruka kama nimekanyaga moto, kwa sababu chini ya vifungo ndiko ninakoficha barua zako. Nikamkuta amesimama, kopo liko wazi, bahasha zote ziko mkononi mwake. Wala hakuwa anasoma. Alikuwa anazipanga.

Nikasema, "Swali, hizo ni..."

Akasema, "Najua, shangazi. Nilizisoma mwaka jana."

"Zote?"

"Zote. Hii mpya ya methali sikuisoma yote, ilinifanya nikasirike." Kisha akanigeuzia bahasha, akaweka kidole juu ya muhuri. "Lori gani linatuma barua zenye muhuri wa gereza?"

Nikakaa chini, pale pale kwenye vitambaa. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza mwaka mzima, yeye ambaye hajawahi kunyamaza hata akiwa na homa. Akasema, "Kibonge anapenda lile lori. Na wewe ukisimulia unafurahi. Halafu ukimaliza unakwenda jikoni kulia, nikaona nikisema utalia kabla ya kusimulia."

Wifi, nilifikiri mimi ndiye ninayemlinda. Kumbe mtoto wa miaka minane alikuwa amebeba lori lile peke yake, na mzigo wake, na twiga wake.

Nilimuuliza, "Unataka kwenda?"

Akasema, "Nataka kwenda na nataka wewe uje. Yote mawili."

Tunakuja tarehe 13. Watatu.

Fundi

* * *

Bweni la Tatu,
28 Mei

Wifi yangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, na Filimbi akanikuta naisoma nimelala kati ya mashina ya maboga, akapuliza. Nikamwambia wanangu wanakuja. Akatoa filimbi mdomoni. Akasema, "Basi inuka, unayabana majani."

Mwambie Swali... hapana, usimwambie kitu. Nitamwambia mwenyewe.

Hapa kidogo tulitaka kuanguka. Jumatatu nilikwenda kuhesabu maboga nikakuta kumi na moja hayapo. Yamekwenda jikoni, yamekatwa, yako kwenye sufuria. Mpishi mkuu akaniambia, "Maboga ni chakula, Dereva, siyo vikaragosi." Watoto walioandikishwa ni thelathini na mmoja, na maboga yaliyobaki ni ishirini na sita. Nikaomba kumwona mkuu. Nikakataliwa. Nikaomba kesho yake, nikakataliwa. Siku ya tatu nilisimama nje ya mlango wake tangu asubuhi na ndoo yangu, nikasema nikiulizwa nitasema namwagilia maji.

Alipotoka akauliza, "Unamwagilia nini hapa? Sakafu?"

Nikasema, "Mama, kuna watoto watano hawatakuwa na mnyama. Nionyeshe ni wepi hao watano, nikawaambie mimi mwenyewe."

Aliichungulia ndoo yangu. Kisha akasema jikoni wasiguse tena, na kwamba matano yatakayopungua yatatoka kwenye shamba lake la nyumbani. Yamefika jana kwenye toroli. Ni madogo na yamepinda, lakini kila moja lina sura.

Ombi langu moja tu. Kibonge usimfundishe cha kuniita. Alikuwa mdogo mno nilipoondoka, hanijui, na mimi sitaki aniite kwa kuamriwa. Mlete tu. Mengine ni kazi yangu, na kazi siiogopi.

Swali nitamwambia yote kwa kinywa changu, hata yale asiyoyasoma kwenye barua.

Wifi yako,
Dereva

* * *

Bweni la Tatu,
15 Juni

Wifi yangu,

Umefika salama? Mgongo ulivumilia lile basi? Huku tangu Jumamosi bweni zima lina rangi kwenye kucha, na hakuna anayetaka kunawa.

Uliondoka kwenda kuteka maji, ukakaa nusu saa. Hakuna bomba la nusu saa, wifi. Nimekuelewa, na asante. Sasa nikusimulie yaliyopita ukiwa huko.

Ulimwona Kibonge alivyoning'inia kwenye sketi yako. Ulipoondoka akabaki ameshika mguu wa benchi badala yako. Sikumwita. Nilikaa chini na boga lile bapa lenye vinundu mgongoni, nikaanza kulifanya sungura. Sikio la kwanza nikalibandika juu, la pili nikalibandika chini kabisa, karibu na udongo. Nikajifanya nalitazama nikilisifu. Nikasikia nyuma yangu:

"Siyo hapo."

Nikasema, "Wapi?"

"Juu!"

"Huku?"

"Juu! Hujui sungura?" Akaja akanipokonya sikio, akalibandika mwenyewe, gundi ikamwagika mpaka kwenye goti langu. Akasema, "Shikilia mpaka likauke." Nikashikilia. Wifi, niliambiwa nishikilie sikio la kitambaa, nikalishikilia kama usukani kwenye mteremko. Alikaa karibu yangu kiasi kwamba pumzi yake ilikuwa inanigusa mkononi. Hakuniita jina lolote. Aliniambia tu, "Usiliachie."

Swali alikuwa upande wa pili, anampaka chui madoa. Akauliza bila kuinua macho, "Yule mtu alikuwa nani?"

Nilikuwa nimejiandaa wiki mbili, na yote yakanitoka. Nikamjibu hivyo hivyo. "Alikuwa mtu wa kupaka rangi nyumba. Alikuwa anakwenda kazini kwa baiskeli."

"Ulimwona?"

"Nilimwona wakati hakukuwa na la kufanya. Nilikuwa nimesinzia. Nilijua nina usingizi na bado nikaendesha."

"Alikuwa na watoto?"

"Wawili."

Akapaka doa moja, akapaka jingine. "Wanajua uko hapa?"

"Wanajua."

"Wamekukasirikia?"

"Ndiyo. Na wana haki. Na wewe ukikasirika una haki."

Nikangoja. Nilikwishapiga moyo konde kwamba hata akiinuka akaondoka sitamshika. Alipaka mpaka mgongo wote wa chui ukaisha. Kisha akasogea, akaweka brashi mkononi mwangu, ule uliokuwa hauna sikio. "Shika," akasema. "Mkono wangu umechoka. Mkia umalizie wewe." Ndipo wewe ukatokea na ndoo ina maji nusu, na sote watatu tukajifanya tuna kazi nyingi.

Sijui amenisamehe au vipi. Sikumuuliza. Nilimalizia mkia.

Ulipokuwa unaondoka ulitaka kuniambia kitu pale getini, ukabadilisha ukasema basi litatuacha. Kitu gani?

Wifi yako,
Dereva

* * *

Chumba cha ushonaji,
6 Julai

Wifi yangu,

Tulifika salama. Mgongo ulivumilia kwa sababu haukuwa na hiari, nilikuwa nimempakata Kibonge, Kibonge kampakata sungura, na chui wa Swali alikuwa na kiti chake mwenyewe. Kondakta alitaka kumkatia tiketi.

Umeniuliza ni kitu gani. Nimekaa nacho wiki tatu, sasa nakiweka mezani. Kibonge ananiita mama. Ilianza mwaka jana wakati wa kile kifaduro. Sikumfundisha, lakini wala sikumrekebisha, na hilo ndilo kosa langu. Nilikuwa nikisikia nageuka haraka kabla hajakumbuka kwamba mimi ni shangazi. Nilipokataa kuwaleta nilikuandikia habari za majirani. Majirani walikuwamo, lakini siyo wao. Niliogopa akuone, halafu niwe shangazi tena.

Ndani ya basi nilimwambia. Nilimwambia yule aliyeshikilia sikio ndiye mama yako aliyekuzaa, na lile lori nililitunga mimi. Alifikiri mpaka tukapita vituo viwili. Akauliza, "Na twiga?" Nikasema na twiga pia. Akanuna kwa ajili ya twiga mpaka nyumbani. Kwa ajili yako hakununa. Usiku akasema, "Mama, yule mama mwingine hajui sungura, lakini anashikilia vizuri." Nimekuandikia kama alivyosema. Lifanye unavyotaka.

Jambo jingine. Ijumaa iliyopita niliitwa shuleni. Mwalimu alikuwa amewapa insha juu ya kazi ya mzazi, na Swali akasimama akaisoma mbele ya darasa: "Mama yangu alikuwa dereva. Alisinzia, mtu akafa. Sasa ni mfungwa na analima maboga." Mwanafunzi mmoja akauliza ni makubwa kiasi gani, Swali akaonyesha kwa mikono. Mwalimu alinipeleka pembeni, anaona aibu kuliko mimi, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtoto anatunga. Pale mlangoni walikuwa wamesimama wazazi watatu, na mmoja ni jirani yangu wa chumba cha mwisho.

Nikasema, kwa sauti ya mtu anayeita mteja upande wa pili wa barabara: "Ni kweli, mwalimu. Mama yao yuko gerezani, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi tunakwenda kumwona. Swali akikosa darasa la ziada siku hiyo, ndiyo sababu."

Jirani kanipita kwenye ngazi jioni hiyo hiyo. Nilijiandaa kwa vita. Akaniuliza kama ninahitaji mabaki ya sufu, anayo ya rangi ya kahawia.

Chui yuko juu ya kabati, mzima kabisa. Sungura ameanza kulegea upande mmoja kwa sababu Kibonge analala naye, nimemwambia ataoza akasema nami nitaoza. Nimeshindwa hoja.

Tunakuja Jumamosi ijayo. Wanajua watakuona kwenye wavu, nimewaeleza wavu ulivyo. Na nimekwishamwandikia mkuu wa gereza kuomba siku nyingine ya uwanjani mwezi wa kumi. Barua ya kwanza hajajibu. Ya pili nimeitia kwenye bahasha hii leo, wewe mpelekee kwa mkono, ndoo unayo.

Kibonge amesema safari ile atatengeneza bata, kwa hiyo anataka boga lenye shingo. Nikamwambia huenda huko hakuna. Akasema, "Mwambie apande."

Wifi yako,
Fundi